Jina la Mstari wa Saba

Kuna mlinzi mmoja aliyetaka kuona mwandiko wa baba yake, na katika dunia nzima aliyekuwa nao nilikuwa mimi. Ulitunzwa kwetu zaidi ya miaka hamsini, na kaka yangu kisha na mimi, bila kujua kwamba kuna mtu anauhitaji. Kisha nikaufuta siku ya Jumanne, naye akaniuliza Ijumaa.

Nitaeleza polepole. Shule niliishia darasa la tatu, na kuandika kwangu ni kama nilivyokuwa nikichambua kahawa, punje moja, halafu nyingine.

Watu wote waliomo humu nawajua kwa majina. Ndicho kipaji nilichopewa, sina kingine. Kwenye meza yetu ya kuchambulia tulikuwa wanawake ishirini, na hadi leo naweza kuwataja vile tulivyokaa, nani aliolewa wapi na mtoto wake wa kwanza aliitwa nani. Lakini hapa sitamtaja hata mmoja. Nimekwisha kuchezea majina ya watu vya kutosha.

Tulikulia kwenye laini za wafanyakazi wa kiwanda cha kahawa, nje kidogo ya Thika. Laini ni vyumba vilivyoshikana, mlango mmoja, dirisha moja, na choo kule mwisho. Kaka yangu mkubwa alipata kazi ya kushona magunia, na kwa mshahara wake wa kwanza, kabla hajamnunulia mama hata sukari, alinunua kitabu cha katuni mjini. Mama alimrushia mwiko. Kilikuwa kitabu cha kwanza cha hadithi za kinyozi mmoja mpelelezi. Mtu anakalia kiti, ananyolewa, anapiga domo, na ndevu zikiisha kinyozi ameshajua ni nani aliyeiba ng'ombe wa chifu. Tulicheka mpaka mama naye akaja kuangalia picha, mwiko ukiwa bado mkononi.

Kwenye laini hakuna kitu cha mtu mmoja. Chumvi yako ni ya jirani, na kitabu nacho kikaanza kuzunguka. Kaka akaweka sheria yake. Ukimaliza kusoma, unaandika jina lako ndani ya jalada la nyuma, chini ya jina la aliyekutangulia, ndipo unampa mwingine. Asiyeandika hapewi kitabu kitakachofuata. Kulikuwa na fundi wa mbao aliyesoma kitabu kwa siku moja, kwa picha tu, halafu akakaa nacho wiki nzima akifundishwa na mkewe kuandika jina. Alipoliandika lilipanda mlima, likaishia juu ya jina la mwenzake.

Majina yalifika kumi na manne. La kwanza la kaka, la mwisho langu. Mimi sikuwa nimeruhusiwa, nilikuwa mtoto na tena msichana, lakini kaka alinisimamisha mbele ya wenzake nikawasomea ukurasa mzima bila kukwama, kisha akanipa penseli. Niliandika kwa herufi kubwa kama za kwenye gunia. Mwaka uliofuata nilitolewa shule. Kwa hiyo kile kitabu ndicho kilichonimalizia masomo. Nilikuwa nikiyasoma yale majina kutoka juu hadi chini, na kutoka chini hadi juu, mpaka yakakaa.

La saba lilikuwa la karani wa mizani. Yeye ndiye aliyepima magunia na kuandika stakabadhi za nakala tatu, karatasi nyeusi za kaboni zikiwa katikati, na ukiandika hivyo ni lazima ubonyeze, la sivyo nakala ya tatu inatoka tupu. Basi mkono wake ulizoea kubonyeza. Waliomtangulia waliandika kwa penseli, yeye akaja na kalamu ya kazini, akabonyeza hadi jina likatokeza upande wa pili wa jalada, kwenye shavu la kinyozi.

"Hebu ona! Umemkata kinyozi wetu!" kaka akamwambia.

"Mwosha huoshwa," karani akajibu, "na mnyoaji siku yake ikifika hunyolewa."

Karani huyo alikuja kuoa baadaye, na hakukaa sana duniani. Mkewe aliondoka kwenye laini akiwa na mtoto mgongoni. Hatukusikia habari zao tena.

Kaka alipofariki, sanduku lake la bati liliniangukia mimi. Mchwa walikuwa wamepita humo. Katika vitabu vyote kilikuwa kimepona hicho kimoja, kwa sababu alikifunga peke yake ndani ya karatasi ya nailoni. Nilipokuja Doha kumsaidia binti yangu kulea watoto, nilikilaza kwenye begi katikati ya leso mbili, juu yake unga wa wimbi.

Binti yangu ni muuguzi. Anaishi Al Mansoura, ghorofa ya pili, chini kuna bakala inayouza kila kitu isipokuwa sukuma wiki yenye ladha. Asubuhi watoto wanaenda shule, yeye anaenda zamu, mimi nabaki na AC inayonguruma. Siku yangu ni Ijumaa, ambayo huku ndiyo siku ya mapumziko, tunapokwenda kanisani Mesaimeer. Pale makanisa yote yamejengwa ndani ya ukuta mmoja, na ibada ikiisha Wakenya husimama kwenye kivuli kusalimiana, mpaka mabasi ya kampuni yanapokuja kuchukua watu wao kuwarudisha kambini Industrial Area.

Hapo ndipo nilipomjua kijana wa kompyuta, Mkenya anayetengeneza kompyuta za ofisi moja. Wanawake walikuwa wakimtania.

"Mwanaume mzima, mshahara wote kwenye katuni! Ndiyo maana hujaoa!"

"Nikioa mke atazisoma na mikono ya mafuta," akasema. "Afadhali nibaki hivi."

Nikacheka. Nikamwambia mimi nina moja. Akadhani namtania.

Kazi yake hiyo, nje ya kazi ya ofisi, ilikuwa kununua vitabu vya katuni vya zamani. Doha ni mji wa watu wanaoondoka. Kila wiki kuna mtu mkataba wake umekwisha, anauza kitanda, sufuria na katoni za vitu asivyoweza kubeba kwa ndege. Wengine ni Wafilipino, wengine Wahindi, wengine wazungu, na ndani ya katoni, chini ya nyaya na viatu, zimo katuni. Yeye huzinunua, anazipima, anazipa gredi, anaziuza kwa watu wa mbali. Lakini alikuwa akilala chumba kimoja na wenzake watano, hakuna mahali pa kutandaza karatasi. Binti yangu akamwambia aje atumie meza yetu siku za Jumamosi, alimradi asilete mende. Hivyo ndivyo nilivyoanza kukaa naye.

Mara ya kwanza nilikuwa natazama tu. Anaosha mikono, anaikausha, anakilaza kitabu kwenye kitambaa cheupe. Anaangalia mgongo kama una mikunjo. Anaangalia pini mbili za katikati kama zimeshika kutu. Anaangalia pembe, anahesabu kurasa, kwa sababu watoto wa kila nchi hukata picha na kubandika ukutani. Halafu anainamisha pua na kunusa, maana uvundo hauonekani kwa macho. Mwisho anasema namba. Kumi ni kitabu ambacho hakijaguswa na binadamu. Moja ni kitabu kinachoomba kuzikwa.

"Sasa hiki ni ngapi, shosho?" akaniuliza siku moja, kwa mzaha. Shosho ni bibi, ndivyo vijana wa kwetu wanavyotuita.

Nikakipitisha kidole kwenye mgongo. "Sita."

"Kwa nini sita?"

"Kimekaliwa. Kona hii iliingia maji, ikakauka kwa jua, siyo ndani ya nyumba. Ona imejikunja."

Akaniangalia. Yeye alikuwa ameandika sita na nusu. Alirudia kukiangalia, akafuta ile nusu.

Sikumshangaa. Miaka kumi na tisa nimechambua kahawa. Kule pia kuna gredi, AA juu kabisa, halafu AB, unashuka hivyo hadi mbuni, ile iliyokaukia ndani ya ganda lake. Punje inapita mbele yako na una muda wa kupepesa jicho mara moja. Yenye doa, toa. Iliyotobolewa na mdudu, toa. Msimamizi akikuta punje nyeusi kwenye gunia lako, gunia zima linashushwa, na meza yote inakuchukia. Mtu aliyefanya kazi hiyo miaka kumi na tisa, vidole vyake haviwezi kuliacha doa mahali lilipo. Hata leo nikipika maharagwe nachambua yale ambayo mashine imeshayachambua, na binti yangu ananiuliza kama nataka kuyapeleka mnadani.

Jumamosi moja kijana alileta kitabu alichokinunua kwa bei kubwa, kimefungwa kwenye plastiki na kadibodi nyuma yake, mgongo mwekundu unang'aa. Alikuwa na furaha, anapiga mluzi. Nikakipeleka dirishani. Wekundu wa mgongo ulikuwa mmoja, lakini ulipoinamisha kitabu, sehemu fulani ilimeta na sehemu nyingine haikumeta.

"Hapa pamepakwa kalamu," nikamwambia. "Ya kuchorea, kama za watoto."

Mluzi ukakatika. Alikaa chini. Baadaye ndipo akanieleza jambo ambalo kama ningelishika vizuri, nisingekuwa na cha kuandika leo. Alisema kasoro inayoonekana inapunguza bei, basi, yameisha. Lakini kasoro ikifichwa kitabu kinakuwa uongo. Ukikirekebisha, unaandika kwenye lebo: hapa pamepakwa rangi, hapa pamegundishwa. Anayenunua ajue mkono uliopita hapo ni wa nani.

"Afadhali moja ya kweli kuliko nane ya kupakwa," alisema.

Mimi nikaitikia, "Kabisa."

Nilimwonyesha cha kwangu baada ya miezi kama mitatu. Nilikuwa nikikihofia, kama mtu anayempeleka mtoto wake kupimwa uzito kliniki. Aliosha mikono mara mbili. Akasema hajawahi kukiona kitabu cha kwanza cha kinyozi, alisikia tu kwamba kilikuwepo, na anamjua mtu anayekitafuta miaka mingi. Mgongo mzuri. Pini safi. Kurasa rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo. Moyo wangu ukawa unapanda. Kisha akafungua jalada la nyuma.

"Aah, shosho."

"Nini?"

"Majina. Yangekuwa moja, mawili... Haya ni kumi na ngapi?"

"Kumi na manne."

"Bila haya ni nane. Ningeapa, nane. Na haya, tatu. Labda nne, mnunuzi akiwa mpole."

Hakusema kwa ubaya. Alikirudisha kwenye nailoni yake, akasema hata hivyo ni kitabu cha ajabu, nikitunze. Akaenda zake. Lakini mimi nilisikia msimamizi amesimama nyuma yangu na gunia langu limeshushwa.

Nitakuwa mwongo nikisema sikufikiria bei. Nilikula kwa binti yangu, nililala kwa binti yangu, hata dawa ya presha alininunulia yeye. Ningependa siku moja kukata tiketi yangu mwenyewe ya kwenda nyumbani kuona makaburi. Lakini bei haikunisumbua kama ile nane. Nane, mbele ya macho, na doa linaloizuia.

Na nikajiambia hivi: majina yenyewe si ninayo? Yamo kichwani yote, kwa mpangilio. Karatasi ni ya nini?

Jumanne watoto walipoenda shule, nikachukua raba ya mjukuu. Majina ya penseli yalitoka bila shida, ingawa yalikuwa ya zamani. Nilianza na langu. Kila nililofuta nililitamka kwa sauti, kama mtu anayeita watu kwenye mlango wa basi. Nilipofika kwa kaka nilisimama kidogo, nikaenda jikoni, nikanywa maji, nikarudi.

Yaliyobaki yalikuwa ya kalamu, manne. Mtoto yeyote aliyesoma shule zetu anajua wino unafutwaje. Unalowesha ncha ya raba kwa mate, unasugua taratibu, kisha unakwangua kwa wembe uliolazwa, halafu unalainisha kwa ukucha wa kidole gumba ili karatasi isionekane imechubuka. Matatu yalitoka. La karani liligoma. Lilikuwa limezama. Nikasugua, nikakwangua, nikasugua tena, na nilipoinua karatasi kwenye mwanga, mahali pake palikuwa pembamba kama ngozi ya kitunguu. Lakini doa lilikuwa limetoka, na alama yake kwenye shavu la kinyozi niliilainisha kwa ukucha hadi ikalala. Niliona fahari, Mungu anisamehe. Nilikaa pale nikijivunia.

Ijumaa nilikibeba kwenye mkoba. Ibada ilipoisha nikamwita kijana kando, pale kwenye kivuli cha ukuta.

"Sasa nipe nane yangu."

Alifungua jalada. Akalipitisha kwenye mwanga, akaona.

"Shosho, umefanya nini?"

"Nimesafisha."

"Kufuta ni kubaya kuliko kuandikwa. Karatasi imekwanguliwa. Hii sasa..." Hakumaliza namba. "Na mimi nilikuwa nimempigia yule mnunuzi. Alisema anakitaka hivyo hivyo, na majina. Alisema majina ndiyo yanaonyesha kilisomwa na watu gani."

Nilihisi aibu, na aibu ikija kwangu huja na ukali. "Wacha kunililia hapa kama mtoto! Majina hayajapotea. Unayataka? Sikiliza." Nikayataja, moja baada ya jingine, kidole kinahesabu, sauti juu. La kwanza, la pili, la tatu. Nilipotaja la saba, mtu aliyekuwa amenipa mgongo aligeuka.

Alikuwa amevaa sare ya walinzi, shati limepigwa pasi vizuri, ndevu zimeanza mvi. Tulikuwa tukionana kila Ijumaa na kusalimiana juu juu. Alikuja taratibu.

"Samahani, mama. Hilo jina umelitoa wapi?"

Nikamwambia, aliliandika kwenye kitabu karani wa mizani, kiwanda fulani, Thika, laini ya tatu.

"Huyo ni baba yangu."

Nilimtazama usoni na nikaona kwamba ningemjua siku zote, kama ningetazama. Nyusi ni zile zile. Akanieleza kwamba baba yake alikufa yeye akiwa hajafikisha mwaka. Mama yake alihama na nguo tu. Hakuna picha, hakuna kitambulisho, hakuna barua. Alipotaka kuchukua pasipoti ofisini walimwuliza habari za baba, akakosa hata karatasi ya kuonyesha. Alikuwa na jina, basi. Mama yake kabla hajafa alimwambia, baba yako alikuwa na mwandiko ambao watu walikuwa wakiusifia.

"Hicho kitabu unachosema aliandika jina lake," akauliza, "kiko wapi sasa?"

Kilikuwa mkononi mwa kijana. Nilinyoosha mkono, nikakichukua, nikakiweka kwenye mkoba mbele ya macho yake, kama mtu anayeweka karatasi za kawaida.

"Kiko nyumbani," nikasema.

"Naomba nikione, mama. Nikione tu. Mkataba wangu unaisha, naondoka baada ya Ijumaa ijayo. Sijawahi kuona kitu ambacho mkono wake uligusa."

"Ijumaa nitakuletea."

Basi la kampuni likapiga honi. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akaondoka mbio, akigeuka kuniangalia kama anayeogopa nitayeyuka. Kijana wa kompyuta alibaki anatazama mkoba wangu. Kwetu mtu mzima akidanganya, mdogo hutazama chini.

Wiki hiyo sikupika vizuri. Binti yangu aliniuliza kama presha imepanda. Nilikuwa na njia mbili tu, na zote nilizijua. Ya kwanza ilikuwa kumwambia, mwanangu, nililifuta mimi, nisamehe. Niliirudiarudia nikiosha vyombo. Kila nikifika kwenye neno "nililifuta" niliona nyusi zile.

Jumatano nilichukua kalamu ya wino wa buluu. Mwandiko wa karani niliukumbuka. Nimekwambia, majina nilijifunzia kusoma, sikuyakumbuka kwa sauti tu, niliyakumbuka kwa umbo. Nilijaribu nyuma ya risiti za bakala, moja, mbili, nikajaza zote. Herufi yake ya kwanza ilisimama kama mtu anayepiga saluti. Zilizofuata zililala kidogo upande wa kulia. Nilizipata. Kitu kimoja kilinishinda, nitakisema.

Niliandika mahali pale pale, mstari wa saba. Nilibonyeza, kwa sababu alikuwa akibonyeza, lakini nikabonyeza kwa woga, maana karatasi ilikuwa imekwisha. Ilishika. Nikazichanachana risiti, nikazitupa kwenye pipa la nje, siyo la nyumbani.

Ijumaa alikuja amenyoa. Alikuwa amebeba bahasha ngumu ya kaki, ya kutilia kitabu ikiwa ningemruhusu kukichukua. Hakuthubutu kuomba, lakini bahasha ilikuwa kwapani. Nilifungua jalada la nyuma, nikamwekea mbele.

Aliangalia. Kisha akaweka kidole juu ya jina, pole sana, kama unavyogusa uso wa mtoto aliyelala.

"Mengine yako wapi?"

"Unyevu," nikasema. "Yalikuwa ya penseli."

"Yeye ndiye aliyebaki."

"Ndiyo."

"Unyevu ulimhurumia." Akatoa leso, akajifuta macho, akacheka kidogo kwa aibu. Kidole kikarudi pale. "Alikuwa anabonyeza, ee?"

"Alikuwa karani. Nakala tatu."

"Hata mimi nabonyeza," akasema. "Kwenye daftari la getini wenzangu hunicheka, wanasema naandika kama nachonga."

Hapo ningeweza kusema. Mlango ulikuwa wazi mbele yangu. Nikasema, "Kichukue. Ni chako."

Kijana wa kompyuta alikuwa amesimama karibu. Mlinzi akamgeukia, anajua ni mtaalamu wa mambo hayo. "Ndugu yangu, hebu angalia. Hiki ni cha gredi gani?"

Kijana alikichukua. Alikiinamisha kidogo kwenye mwanga, vile vile tulivyokiinamisha kile chenye mgongo mwekundu. Niliona macho yake yanasimama. Nikasubiri. Yeye ambaye hakuweza kunyamazia nusu ya gredi.

"Hiki usikiuze, mzee," akasema. "Usimpe mtu yeyote apime. Kaa nacho."

Mlinzi alifurahi, alidhani ni sifa. Alikitia kwenye bahasha, akaikumbatia kifuani, akapanda basi. Lilipoondoka, kijana alisema bila kunitazama, "Na wewe ndiye uliyenigundulia ile ya kalamu nyekundu, shosho." Jumamosi hakuja. Jumamosi iliyofuata alikuja na katoni, tukapima vitabu kama kawaida, lakini aliacha kuniuliza, "Hiki ni ngapi?" Anaandika namba yake mwenyewe.

Baada ya wiki chache picha iliingia kwenye simu ya binti yangu. Ukuta wa nyumba ya matofali ambao haujapigwa lipu, na fremu. Alikuwa amelitoa jalada kwenye kitabu ili litoshee kwenye kioo. Chini ya fremu wamesimama watoto wake watatu wamevaa sare za shule. Aliandika kwamba mdogo wao anajifunza kuandika kwa kufuatisha jina la babu.

Ndilo hilo linalonikosesha amani. Kama lingebaki ukutani tu, pengine ningenyamaza hadi kaburini. Lakini mtoto anashika mkono wangu akidhani ni wa babu yake.

Nimejaribu pia kuyaandika yale kumi na manne kwenye daftari la mjukuu, nimrudishie kila mtu mahali pake. Fundi wa mbao hapandi mlima. Kaka amekuwa mimi. Yote yametoka kwa mkono mmoja, na nimelifunga daftari.

Basi naandika lebo, kama nilivyofundishwa. Mstari wa saba ulifutwa na mimi kwa raba, mate na wembe, na ukaandikwa upya na mimi kwa kalamu ya dukani. Aliye nayo ile fremu, akiisoma habari hii, atajijua, na ana haki ya kunichukia.

Nampa cha kweli nilichobaki nacho. Kalamu ya baba yako ilifungwa kwa uzi wa gunia kwenye mguu wa mizani, na siku ile aliukata uzi akaja nayo kwetu, akaahidi kuirudisha kabla msimamizi hajaona. Aliandika akiwa amesimama, kitabu kikiwa juu ya mgongo wa kaka yangu aliyeinama, kaka anapiga kelele kwamba anachomwa. Na alipofika herufi ya mwisho hakuinua mkono. Aliurudisha nyuma chini ya jina lote, mstari mmoja mrefu kutoka kulia kwenda kushoto, kisha akatia nukta. Mstari huo kwenye fremu yako haupo. Niliogopa karatasi ingetoboka.